Hofu ya Mtoto na Mwenendo wa Wazazi
Mtoto wa miaka minane akiogopa kulala bila mama, mama hulala naye; akiogopa wageni, baba humjibia. Wazazi hao hatuwalaumu: wampenda mtoto, na mara nyingi wao wenyewe wamo wasiwasini. Lakini hofu inayoepukwa kila siku huzidi kukua.

Katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, Eli Lebowitz na wenzake waliandaa matibabu ambamo tabibu haonani na mtoto, bali wazazi tu, kwa majuma 12. Mwaka 2020 walitangaza matokeo ya watoto 124: wale ambao wazazi wao walifundishwa walipata nafuu isiyopungua ile ya waliotibiwa wenyewe kwa mazungumzo. Jambo hilo latupasa kulitafakari.

Hawafundishwi ukali, wala kumcheka mtoto. Hayo twayakataa kabisa. Huchagua jambo moja la kupunguza, humwarifu mtoto mapema, kisha hushikilia neno lao: “Twajua waogopa, mwanetu, twajua pia utaweza.” Usiku wa kwanza mtoto aweza kulia sana. Mama asikiaye kilio hicho, naye asirudi kitandani pa mwanawe, ndiye mwenye kazi ngumu kuliko wote nyumbani.