Mganga, Daktari na Leseni: Msamiati wa Tiba Mjini Gilgil

Makala haya yanachunguza jinsi maneno ya kawaida ya tiba yanavyokutana na sheria za Kenya kuhusu usajili wa wahudumu wa afya. Mji wa Gilgil, ulio kando ya barabara kuu ya kutoka Nairobi kwenda Nakuru, unatosha kuwa mfano.

Mkaazi wa Gilgil akiugua husema anakwenda kumwona daktari, au ndagitari iwapo anazungumza Kikuyu. Huyo daktari aweza kuwa mhitimu wa shahada ya udaktari, afisa wa kliniki, muuguzi, au hata muuzaji aliye nyuma ya kaunta ya duka la dawa. Mfugaji naye humwita daktari yule anayekuja kumdunga ng'ombe wake sindano. Neno ni moja, sheria ni kadhaa. Madaktari wa binadamu wana sheria ya 1977, wauguzi ya 1983, wa mifugo ya 2011, na maafisa wa kliniki ya 2017, iliyochukua nafasi ya ile ya 1988. Wafamasia wangali chini ya sheria iliyotungwa enzi za ukoloni.

Utata unazidi tunapofikia uthibitisho wenyewe. Usajili (neno lenye asili ya Kiarabu) huliingiza jina la daktari katika daftari la Baraza. Leseni, tuliyoikopa kutoka Kiingereza, humruhusu kutibu, nayo hutolewa upya kila mwaka. Cheti, chenye asili ya Kihindi, ni jambo la tatu kabisa: huthibitisha kwamba mtu alisoma. Katika mazungumzo, hata magazetini, matatu haya hubadilishana nafasi bila mtu kushtuka. Mgonjwa anayetaka kujua kama anayemhudumia ameruhusiwa huuliza, "Ana cheti?", naye huonyeshwa karatasi iliyotundikwa ukutani. Amejibiwa kweli, ila si alilotaka kuuliza.

Neno mganga lina mkasa wake. Katika Kiswahili mganga hutibu na mchawi hudhuru; ni kinyume kabisa. Hata hivyo, Sheria ya Uchawi ya 1925, iliyoandikwa kwa Kiingereza cha wakoloni, iliwatia waganga wengi katika kivuli cha wachawi. Nchini Tanzania neno hilo halikuporomoka: Mganga Mkuu wa Serikali ni daktari, na sheria ya 2002 iliwaundia waganga wa tiba asili baraza lao. Kenya iliitambua tiba ya kiasili katika Sheria ya Afya ya 2017, lakini katika miji ya Bonde la Ufa neno mganga bado husomwa zaidi kwenye mabango yaliyobandikwa nguzoni.

Tangu Katiba ya 2010, Kiswahili ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na mfasiri wa sheria hizi hana budi kuchagua. Wapo watakaopendekeza tabibu kwa afisa wa kliniki, kwa kuwa Tanzania humwita afisa tabibu. Pendekezo hilo lina mashiko kitaaluma, lakini mgonjwa wa Gilgil ataendelea kusema daktari. Lingemfaa zaidi bango mlangoni lenye cheo kamili cha mhudumu kwa Kiswahili, na chini yake nambari ya leseni na mwaka inapokwisha.