Somo la Nne: Kuhamia Unguja Peke Yako kwa Mshahara wa Kiasi

Vijana wengi wa Bara na wa Pemba huvuka bahari kwenda Unguja kufuata kazi za hoteli. Kabla ya kupanda boti, aghalabu huuliza swali moja tu: mshahara ni shilingi ngapi kwa mwezi? Swali hilo halitoshi, kwa kuwa kazi ya utalii hailipi miezi 12 kwa namna moja. Masika yanapoingia, Aprili na Mei, wageni hupungua, baadhi ya hoteli hufunga milango, na mfanyakazi mwenye mkataba wa msimu huambiwa akapumzike bila malipo. Mwenye nyumba, kwa upande wake, hudai kodi ya miezi hiyo kama ya miezi mingine.

Kwa hiyo somo hili linamtaka msomaji apige hesabu ya mwaka. Tuchukue mfano wa mtu anayeanza kazi mwanzoni mwa Juni, ambaye atapokea shilingi 400,000 mkononi kila mwezi hadi Machi. Amepata chumba cha kupanga cha shilingi 80,000. Chakula na nauli ni shilingi 6,000 kwa siku, yaani 180,000 kwa mwezi. Umeme, maji na gesi ni 40,000, na nyumbani kwao hutuma 50,000. Jumla ni 350,000. Kila mwezi anabakiwa na 50,000, na anajiona yuko salama.

Sasa tuitazame hesabu hiyohiyo kwa miezi 12. Mapato ni mishahara 10, yaani shilingi 4,000,000. Kodi ya mwaka ni 960,000. Chakula na nauli 2,160,000. Umeme, maji na gesi 480,000. Fedha za nyumbani, tukichukulia kwamba atazisitisha Aprili na Mei, 500,000. Ongeza 80,000 za dalali, ambaye kwa kawaida hudai kodi ya mwezi mmoja, na 200,000 za godoro, chandarua, jiko na vyombo. Matumizi yanafika 4,380,000. Mtu aliyejiona ana akiba amepungukiwa na shilingi 380,000, na bado hajaugua hata siku moja.

Ugumu zaidi uko mwanzoni. Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi sita kwa pamoja. Katika mfano wetu hiyo ni 480,000. Ukijumlisha dalali, vyombo na chakula na nauli za siku 30 kabla ya mshahara wa kwanza, anahitaji 940,000 mkononi siku anayoteremka bandarini Malindi. Akizikopa fedha hizo na kuzilipa kwa ile 50,000 inayobaki, atamaliza deni baada ya takriban malipo 19 ya mwezi, hata kama mkopo hauna riba. Aliye na jamaa Unguja huweza kukaa kwao hadi apate mshahara. Anayekwenda peke yake hana nafasi hiyo, wala hana wa kuchangia naye chumba.

Ndiyo maana tunashauri kwamba, unapozungumza na mwajiri, makazi yatangulie nyongeza ya mshahara. Nyumba ya wafanyakazi humwondolea mtu wa mfano wetu kodi na dalali, jumla ya shilingi 1,040,000 kwa mwaka. Nyongeza ya 80,000 kwa mishahara 10 ni 800,000 tu. Uliza pia kama kuna mlo kazini na gari la wafanyakazi. Hoteli nyingi ziko Nungwi, Kiwengwa, Paje na Jambiani, mbali na mjini, na daladala za shamba hazifanyi safari usiku kucha. Anayetoka zamu saa sita za usiku hulazimika kukodi bodaboda. Na ukitajiwa mshahara, uliza ni kiasi gani ndani yake ni mgao wa tozo ya huduma. Mgao huo hupanda na kushuka kwa idadi ya wageni, hivyo usiuingize katika hesabu ya kodi.

Bei za sokoni nazo zina sababu zake. Mchele, viazi, vitunguu na nyanya kwa sehemu kubwa huletwa kwa vyombo vya baharini, na bahari inapochafuka bei huonekana Darajani na Mwanakwerekwe. Samaki unamgombea pamoja na hoteli. Katika mwezi wa Ramadhani mama lishe wengi hawauzi mchana, kwa hiyo anayezoea kula nje ajiandae kupika.

Kuhusu chumba chenyewe, usitoe fedha kabla ya kumwona sheha. Mgeni anayehamia katika shehia anatakiwa kujitambulisha kwake, basi nenda na kitambulisho chako na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa unakotoka, na umuulize kama aliyekuonyesha chumba ndiye mwenye nyumba au ametumwa naye. Sheha huwajua watu wake kuliko dalali anavyopenda ajulikane. Dai mkataba wa maandishi na risiti. Kagua mita ya Tukuza, ambayo hufanya kazi kama Luku ya Bara: ni yako, au mnachangia vyumba vinne? Sehemu za pwani onja maji ya kisima. Yakiwa ya chumvi, gharama ya maji ya kunywa iongeze katika bajeti. Ukitajiwa kodi kwa dola, fahamu kwamba kanuni za mwaka 2025 zinakataza bei za bidhaa na huduma za ndani kutajwa au kulipwa kwa fedha za kigeni.

Atokaye Bara azingatie pia kwamba masuala ya kazi si ya Muungano. Ajira za Zanzibar huongozwa na Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005, na michango ya hifadhi ya jamii huenda ZSSF badala ya NSSF. Uliza mapema michango uliyokwisha kuweka Bara itakuwaje, na kadi yako ya bima ya afya inapokelewa hospitali ipi.

Zoezi: andika hesabu yako ya miezi 12 kwa mfano wa hapo juu, ukitumia bei ulizoulizia mwenyewe kwa mtu anayeishi huko. Katika mkataba wa kazi tafuta maneno yanayoihusu Aprili na Mei. Yasipokuwepo, omba yaandikwe kabla ya kutia saini. Nauli ya boti ya kurudi iweke kando tangu siku ya kwanza, mahali ambapo hutaitumia kununulia umeme.