Si Daktari na Muuguzi Peke Yao



Mwulize mwanafunzi wa sekondari anayetaka kazi ya hospitali. Atakujibu, "Udaktari," au, "Unesi." Wazazi nao wanazijua hizo mbili tu. Leo tujifunze kazi nyingine za afya. Tuone pia jinsi mtoto wa Singida anavyoweza kuzisomea katika chuo kikuu cha umma.

Tuchukue mfano. Mkulima wa Ikungi ameanguka kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Mguu umevimba, hawezi kuukanyagia. Sisi wa zahanati tunaufunga na vipande vya mbao ili usitikisike. Tunampa dawa ya maumivu. Kisha anapelekwa hospitali.

Huko anamkuta daktari. Lakini daktari haoni ndani ya nyama. Mtaalamu wa mionzi anapiga picha ya mfupa. Picha ikiwa mbaya, daktari naye atakosea. Mtaalamu wa maabara anapima damu ili ijulikane kundi lake na kama inatosha. Mfamasia anatoa dawa na kueleza namna ya kuitumia.

Baada ya majuma kadhaa plasta inaondolewa. Mfupa umeunga, lakini goti halikunjiki. Sasa anahitajika mtaalamu wa fiziotherapia. Huyu hurudisha nguvu na mwendo wa viungo kwa mazoezi maalumu, siku baada ya siku. Watu wengi huikosa hatua hii. Huambiwa wamepona, wakarudi nyumbani na fimbo. Mtama na alizeti vinalimwa na mke peke yake. Kwa maoni yangu, hii ndiyo kazi inayosahauliwa kuliko zote.

Kazi hizi huitwa sayansi shirikishi za afya. Neno "shirikishi" linatokana na "shiriki". Ni kazi zinazoshiriki pamoja na udaktari katika kumponya mgonjwa. Hata bwana afya anayekagua vyoo na visima anaweza kuwa na shahada. Somo lake huitwa afya ya mazingira.

Wapi husomwa? Kipo Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Dar es Salaam. Kilianza mwaka 1963 kama shule ya kufundisha madaktari. Mwaka 2007 kikawa chuo kikuu kamili. Hufundisha kazi za maabara, famasi, afya ya mazingira na tiba ya mionzi kwa wagonjwa wa saratani. Jirani yetu kipo Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007. Nacho kina masomo ya afya.

Safari ya kwenda huko haianzii Kidato cha Sita. Huanza mapema, mtoto anapochagua masomo. Kemia, Baiolojia na Fizikia ndizo funguo. Mtoto akiacha Fizikia kwa sababu ni ngumu, milango mingi ya kazi hizi inafungwa siku hiyo hiyo, na nyumbani hakuna anayejua. Kwa hiyo, mzazi, hata kama hukusoma Fizikia, uliza. Mwulize mwalimu, "Mwanangu anasoma masomo gani?" Swali hilo halihitaji elimu kubwa.

Asiyekwenda Kidato cha Tano asikate tamaa. Anaweza kusoma stashahada katika chuo cha afya baada ya Kidato cha Nne, kwa kawaida miaka mitatu. Akifaulu vizuri anaweza kuendelea hadi shahada. Mimi nina cheti tu, na njia hiyo naiona bado iko wazi mbele yangu.

Sasa fedha. Ipo Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Huu ni mkopo, si zawadi. Mtu akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe. Tangu mwaka 2023 Bodi imekopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani zilizochaguliwa, na afya imo.

Hapa kuna jambo linalowakwamisha watoto wa vijijini: cheti cha kuzaliwa. Bodi hukitaka, na hukitaka kiwe kimehakikiwa na RITA. Jina la kwenye cheti cha kuzaliwa lifanane na jina la shuleni. Mtoto anayeitwa Juma shuleni na Jumanne kwenye cheti atahangaika sana. Mzazi mmoja akiwa amefariki, kitafutwe pia cheti cha kifo. Usingoje matokeo ya mtihani ndipo uanze. Shughulikia mambo haya mtoto akiwa bado shuleni.

Jihadharini na matapeli pia. Maombi ya chuo kikuu hutumwa chuoni kwenyewe kwa intaneti. Mtu akikuomba fedha ili "amtafutie mtoto nafasi", usimpe. Kabla ya kulipa ada yoyote, hakikisheni kuwa chuo kinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu. Kwa cheti na stashahada, hakikisheni kinatambuliwa na NACTVET.

Maswali ya kuzungumza katika kundi lenu:

1. Je, kijijini kwenu yupo mtu aliyevunjika mguu akapona, lakini hatembei vizuri? Alipata mazoezi?

2. Watoto wangapi wa sekondari kijijini kwenu wanasoma Kemia, Baiolojia na Fizikia zote tatu? Wasichana ni wangapi?

3. Cheti cha kuzaliwa cha mwanao kiko wapi? Kitafute leo jioni, ulisome jina lililoandikwa.