Somo la Ufundi: Kufunga Geji ya Msukumo wa Petroli

Ndugu mwanakisomo, huenda umewahi kupanda Land Rover ya zamani iliyobeba mgonjwa kumpeleka hospitali. Kwenye tambarare inakwenda vizuri. Ikifika mlimani inaanza kukohoa, inatetemeka, inazima. Watu wanashuka kusukuma. Dereva anasema, "Ni plagi hizo." Plagi zinabadilishwa, fedha zinakwenda, na gari linakohoa vile vile. Pengine plagi hazina kosa. Injini ina njaa, yaani petroli haiifikii ya kutosha. Lakini utajuaje, na bomba halionyeshi kilichomo ndani? Kwa hiyo leo tujifunze kufunga geji.

Somo hili ni la gari lenye kabureta tu. Msukumo wa petroli kwenye kabureta ni mdogo, kwa kawaida kati ya ratili 2 na 6 kwa kila inchi ya mraba. Mafundi huandika PSI. Kitabu cha gari lako kitakupa kipimo chake kamili. Gari lenye injeksheni ni jambo jingine. Huko msukumo mara nyingi ni ratili 35 hadi 45, nao huweza kubaki ndani ya bomba hata injini ikiwa imezimwa. Ukifungua, petroli itakurukia machoni. Mwachie fundi aliyelisomea.

Kabla ya kushika spana, tumjue adui. Kinachowaka si petroli ile ya majimaji, bali ni mvuke wake, na mvuke huo unatoka hata kwenye baridi. Tena ni mzito kuliko hewa, mara 3 hadi 4. Haupandi juu kama moshi. Unatambaa chini, unajaa shimoni, unafuata mteremko mpaka kwenye mafiga ambako mama anasonga ugali. Yeye hauoni, na wewe huuoni. Basi fanya kazi nje, mchana, mahali penye upepo, mbali na jiko, kibatari na sigara. Usifanyie kazi shimoni. Weka karibu ndoo ya mchanga mkavu, na mtungi wa kuzimia moto kama upo. Usimwagie maji petroli inayowaka, maana itaelea juu yake na kuutembeza moto. Na jambo moja tunalolizoea vibaya: usivute petroli kwa mdomo. Ikiingia mapafuni inaweza kuua.

Ziko geji za aina mbili. Ya kwanza huletewa petroli yenyewe kwa bomba jembamba hadi mbele ya dereva. Wapo wanaoifunga hivyo. Mimi sikubali. Bomba likipasuka, petroli inamwagikia miguuni mwa abiria. Chukua ya pili, yenye sensa. Sensa inakaa chini ya boneti, inapima msukumo, na waya tu ndio unaoingia ndani. Nunua geji na sensa yake pamoja, maana sensa ya geji nyingine itakudanganya. Ipimayo hadi ratili 15 inatosha. Ukifunga ya ratili 100, mshale hautainuka ukaonekana.

Injini ikiwa imepoa kabisa, fungua waya wa ethi kwenye betri. Tafuta bomba linalotoka kwenye pampu kwenda kabureta. Hapo ndipo mahali pake, baada ya pampu na baada ya chujio. Kati ya tangi na pampu hapafai, kwa sababu pale pampu inavuta, haisukumi. Weka chombo chini, kata mpira wa bomba, ingiza kiungo chenye umbo la T, kisha kaza kwa klipu. Kama mpira ni wa zamani na una nyufa, usiubakize. Tumia mpira wa petroli, ule ulioandikwa SAE J30. Mpira wa maji utalainika na kupasuka.

Usining'inize sensa juu ya T. Ni nzito, na injini inatikisika mchana kutwa, hivyo mwisho shingo itakatika. Ifunge kwenye bati la bodi, mbali na ekzosi, na uiunganishe na T kwa mpira mfupi. Angalia meno ya skrubu. Magari ya Kiingereza yana meno yanayofanana sana na ya Kimarekani, ila la kwanza lina meno 28 kwa inchi na la pili 27 katika saizi ya moja ya nane. Yataanza kuingia vizuri, kisha yatagoma. Ukilazimisha, yatavuja. Kwenye meno paka dawa ya kuzibia inayostahimili petroli, usizungushe utepe mweupe wa mabomba ya maji, maana vipande vyake huziba kabureta.

Waya wa geji upitishe kwenye tundu lenye mpira, usije ukakatwa na bati, na uwe na fyuzi ndogo kama karatasi ya geji inavyoelekeza. Magari mengine ya Kiingereza ya zamani yamefunga chanya kwenye bodi badala ya hasi. Hakikisha kwanza.

Futa petroli yote iliyomwagika, acha hewa ipite, ndipo urudishe betri. Washa. Mwenzako abaki usukani, wewe pitisha kitambaa kikavu kwenye kila kiungo. Kikilowa, zima mara moja, ukaze upya. Rudia kupima injini ikiwa moto, na tena kesho yake asubuhi.

Sasa panda mlima na usome geji. Mshale ukiwa juu kuliko kitabu kinavyosema, petroli inaweza kufurika kabureta na kudondokea injini ya moto. Usiendelee na safari.

Swali la kuzungumza darasani: kwenye tambarare geji inasoma 3, mlimani inashuka hadi 1, na gari likipumzika inarudi 3. Mtaanza kukagua nini: chujio, pampu, au plagi?