Bunduki Safarini: Maswali ya Wasafiri wa Arua na Koboko

Kusini mwa Arua, Uganda, kuna Vurra, na ng'ambo yake ni Aru ya Kongo. Kaskazini kuna Koboko, kisha Oraba, na ukivuka unaingia Kaya ya Sudan Kusini. Huko Salia Musala nchi zote tatu zinakutana, na mchuuzi anaweza kununua nchi moja na kuuza nyingine kabla jua halijazama. Mwenye bastola halali hana uhuru huo.

Nina cheti cha silaha cha Uganda. Naweza kuendesha gari kutoka Kampala hadi Koboko nikiwa na bastola yangu?

Ndiyo. Uganda si Marekani, ambako msafiri hukuta sheria tofauti za bunduki kila avukapo mpaka wa jimbo. Sheria ya Silaha ya mwaka 1970 ni ileile Kampala na Koboko, na msimamizi mkuu wa vyeti ni Inspekta Jenerali wa Polisi. Ila kila silaha ina cheti chake, na namba iliyochongwa kwenye chuma lazima ilingane na ile ya kwenye karatasi. Beba cheti chenyewe, maana picha iliyo kwenye simu haitakusaidia kwenye kizuizi usiku. Toa risasi zote kwenye silaha, zifunge mbali nayo, na mwambie askari mapema, kabla hajaanza kupekua. Akiigundua mwenyewe chini ya kiti, mazungumzo hubadilika.

Tahadhari moja ya njiani: kati ya Karuma na Pakwach barabara inapita kwenye ardhi ya wanyamapori. Anayechepuka humo na bunduki bila idhini ataulizwa na askari wa hifadhi, na cheti cha polisi hakitoshi kuwa jibu.

Mbona polisi hutaka bunduki ipelekwe ikachukuliwe alama?

Kisa chake kinaigusa Arua yenyewe. Tarehe 8 Juni 2018 Ibrahim Abiriga, mbunge wa Manispaa ya Arua aliyejulikana nchi nzima kwa mavazi yake ya njano, aliuawa kwa risasi karibu na nyumbani kwake Matugga, pamoja na ndugu yake. Siku chache baadaye Rais Museveni aliliambia Bunge kwamba kila bunduki nchini ichukuliwe alama zake, ili ganda la risasi likiokotwa lijulikane limetoka wapi. Kwa msafiri maana yake ni moja: bunduki ya kuazima ni hatari, kwa kuwa hujui ilipopita.

Uganda, Sudan Kusini na Kongo zote zimo kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa nini cheti changu kiishie Oraba?

Kwa sababu Jumuiya ilifungua njia kwa watu na bidhaa, si kwa bunduki. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inaziweka silaha na risasi kwenye orodha ya vitu vinavyoingizwa kwa masharti. Mwaka huohuo nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilitia saini Itifaki ya Nairobi, inayozitaka zidhibiti silaha ndogo zinazoingia, zinazotoka na zinazopita tu, na kuzitia alama. Hakuna cheti cha pamoja kilichozaliwa humo. Unahitaji kibali cha kutoa silaha Uganda na kibali cha kuiingiza unakokwenda, vyote mkononi kabla ya kuwasha gari.

Kwa Kaya kuna kufuli la ziada. Tangu Julai 2018 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa limeiwekea Sudan Kusini marufuku ya silaha, na limekuwa likiiongezea muda. Ukweli ni kwamba msafiri wa kawaida aisahau kabisa safari hiyo.

Na Aru au Ariwara, upande wa Kongo?

Ni mbaya zaidi. Aru iko katika mkoa wa Ituri, ambao Kinshasa iliuweka chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021, na kesi za jinai za raia zikapelekwa mahakama za kijeshi. Raia wa kigeni mwenye bastola kiunoni huko atadhaniwa mtu wa makundi yenye silaha kabla hajafungua mdomo.

Nina soko Ariwara kesho. Bunduki niifanyeje?

Iache nyumbani, kwenye sefu. Kama uko safarini tayari, nenda kituo cha polisi Arua au Koboko, omba waihifadhi, na usiondoke bila hati yenye namba ya silaha, idadi ya risasi na jina la ofisa aliyeipokea. Usimwachie mwenye nyumba ya wageni wala dereva, hata awe shemeji, kwa kuwa cheti kina jina lako peke yako. Na usithubutu njia za panya: huko hata silaha yenye cheti hugeuka magendo mara tu ivukapo mpaka.