Picha Mbovu Ninazozipenda: Vidokezo Nane kutoka Igoma

Kijana anayejazia watu muvi kwenye flashi, karibu na stendi ya Igoma hapa Mwanza, aliniangalia mara mbili. "Anko, umesema Rambo ipi?" Nikarudia: ya pili, ile ya mwaka 1985. Akaniuliza kama namchukulia mtoto. Nyuma yangu kulikuwa na dada mmoja na jamaa wawili wakisubiri zamu, nikaona soni, nikajibu kwamba ni ya shemeji. Njia nzima hadi nyumbani nilijilaumu. Mtu mzima nimeikana picha yangu kama Petro, na jogoo hata hakuwa amewika.

Tangu siku hiyo nimejiwekea taratibu. Najua tuko wengi tunaotembea na flashi yenye kitu tusichotaka kionekane, kwa hiyo nazigawa bure.

1. Kiri ubovu kabla hujachekwa

Rambo: First Blood Part II ilipewa tuzo ya Razzie ya picha mbovu kuliko zote za mwaka 1985, na Sylvester Stallone akapewa ya mwigizaji mbovu. Razzie ni tuzo za kejeli za Wamarekani, na kwa kweli hapa walikuwa na hoja. Mtu mmoja anamaliza kikosi kizima. Risasi za adui zinampita pembeni kana kwamba zimelipiwa nauli ya kwenda kwingine. Sema hayo wewe mwenyewe, mapema, na kwa sauti. Anayekuja kukucheka akikuta umeshajicheka, anakosa pa kuanzia.

Kisha mweleze uliionea wapi. Mimi niliionea kwenye kibanda umiza: mabenchi ya mbao, turubai dirishani, TV ya chogo moja na deki iliyokuwa ikipigwa kofi ili isome. Steringi alipoibuka kutoka kwenye ukuta wa tope akiwa amejipaka tope lenyewe, banda lilipiga ukelele mpaka mwenye banda akatishia kuzima jenereta. Waliotoa ile Razzie hawakukaa kwenye benchi lile.

Halafu kuna suala la mfuko. Nchi hii iliita mfuko wa plastiki "rambo", na watu waliendelea kuuita hivyo mpaka mifuko yenyewe ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Nitajie picha iliyosifiwa na wasomi ambayo jina lake limewahi kubeba nyanya kutoka sokoni.

2. Uliza walisema lini

Sholay ilipotoka India tarehe 15 Agosti 1975, wiki za mwanzo magazeti yaliiponda na wafanyabiashara wa sinema wakaanza kuihesabu kama hasara. Kwenye tuzo za Filmfare iliambulia moja tu, ya uhariri. Watu wakaanza kuambiana mitaani, na ukumbi wa Minerva kule Bombay ukaionyesha zaidi ya miaka mitano. Leo ukimwambia mzee yeyote aliyekulia kwenye picha za Kihindi kwamba Gabbar Singh, jambazi wa picha hiyo, hakupendwa mwanzoni, atadhani unatafuta ugomvi. Kwa hiyo mtu akikwambia picha yako "ilikataliwa", muulize ilikataliwa wiki ya ngapi.

3. Tenganisha picha mbovu na picha inayouma

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipogombana na nusu ya ukoo.

Picha ninayoipenda, ambayo mji wangu uliichukia, ni Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, ya mwaka 2004. Huku kwetu watu wachache wanaijua kwa jina hilo. Wanaiita "ile filamu ya mapanki". Ilipigwa hapahapa Mwanza: uwanja wa ndege, viwanda vya minofu, watoto wa mitaani, akina dada wa baa, marubani wa ndege kubwa za mizigo kutoka nchi zilizokuwa Sovieti. Sangara anaondoka na ndege kwenda Ulaya akiwa minofu, na mapanki, yaani kichwa na mifupa, yanabaki kwetu. Kwa muda wa saa moja na dakika arobaini na kitu hivi, mtazamaji wa Ulaya anaona ziwa letu kama tumbo lililopasuliwa.

Nje ilishangiliwa. Ilipata tuzo ya filamu ya Ulaya kwa upande wa makala, ikapata César kule Ufaransa, na mwaka 2006 ikaingia kwenye orodha ya waliowania Oscar. Mwaka huohuo Rais Kikwete aliikemea hadharani, na Mwanza watu wakaandamana kuipinga. Hata Ufaransa hawakukubaliana. Mwanahistoria François Garçon aliishambulia kwa maandishi, Sauper akamshitaki, na mwaka 2008 mahakama ya Paris ikamkuta Garçon na hatia ya kashfa. Sijui picha nyingine iliyopigwa kandokando ya Ziwa Victoria iliyowafikisha Wazungu wawili mahakamani.

Wenzangu wanaoichukia si wajinga, na ukitaka kuipenda picha kama hii lazima kwanza uwaelewe. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Jumuiya ya Ulaya ilifunga mlango kwa samaki wa ziwa hili, si mara moja, mara kwa sababu ya hofu ya kipindupindu, mara kwa sababu ya watu waliovua kwa sumu. Aliyekuwa kiwandani wakati ule anakumbuka kurudishwa nyumbani. Kwa hiyo ilipotoka filamu inayomfanya Mzungu aweke uma mezani, watu hapa hawakuwa wakitetea sifa ya nchi peke yake. Walikuwa wanatetea zamu ya usiku.

Na ina kasoro ya kweli. Inamfanya mtazamaji aamini kuwa ndege zinazokuja kuchukua minofu Mwanza zinakuja na silaha, lakini bunduki yenyewe hatuoneshwi. Inadokeza, inanong'ona, inakuachia. Mtu akikutuhumu kwa kunong'ona, una haki ya kukasirika.

Mama mdogo, aliyesomesha watoto wawili kwa kukaanga mapanki, niliiangalia naye kwenye laputopu. Nilijiandaa kwa hotuba ya uzalendo. Alinyamaza mpaka ikafika sehemu ya mapanki yaliyoanikwa, yale yenye funza, na yule mwanamke anayetembea kwenye tope. Akasema: "Mbona hawakuonesha tukiosha?" Baadaye kidogo: "Na mbona hawakuuliza bei?" Sijasoma uhakiki wa filamu hii uliozidi maneno hayo. Kwenye picha ya Sauper mapanki ni taka. Kwake ni bidhaa, yenye bei ya jumla na ya rejareja, inayooshwa, inayokaangwa, inayodaiwa na wateja wasiolipa kwa wakati.

Sasa kwa nini naipenda? Kwa sababu ya rubani mmoja. Kuelekea mwisho anasimulia, kwa shida, kwa Kiingereza cha kubahatisha, jinsi alivyowahi kupeleka vifaru Angola, kisha akapitia Johannesburg kuchukua zabibu za kupeleka Ulaya. Hajitetei. Anasema tu kwamba angependa watoto wote wawe na furaha, ila hajui afanyeje. Nimeishi na kelele za ndege zile utoto wangu wote na sikuwahi kuwaza kwamba mle ndani kuna baba wa mtu asiyelala vizuri. Kwa dakika zile chache nasamehe mengi. Mama mdogo hajasamehe, na tukikutana bado ananiita "Mzungu wa mapanki".

4. Usimlazimishe mtu picha yako

Kidokezo hiki ni kifupi lakini kwa Igoma ni kizito. Titanic ya James Cameron ilichukua Oscar 11, na bado wapo wakosoaji walioyacheka mazungumzo yake. Katika Oscar zote hizo, mwandishi hakuteuliwa hata kuwania. Mimi naipenda na mazungumzo yake yote, hata yale ya kwenye ubao.

Lakini Igoma ndipo walipozikwa wengi wa waliokufa kwenye meli ya MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imebakiza safari kidogo kufika Mwanza. Titanic ilitoka mwaka uliofuata. Niliwahi kuiweka sebuleni kwa watu bila kuuliza, nikijiona nimeleta zawadi. Meli ilipoanza kulala ubavu, mwenye nyumba alinyanyuka, akaenda kukaa nje kwenye ndoo iliyopinduliwa, na hakurudi mpaka taarifa ya habari. Hakuna aliyenisema. Tangu hapo nauliza kwanza: "Hii tuiweke?"

5. Mtafute mtafsiri

Picha iliyokushinda kwa Kiingereza huenda haijakushinda. Imekosa mtu wa kuisimulia. Kapteni Derek Gaspar Mukandala, ambaye sisi wote tunamjua kama Lufufu, alichukua picha za nje akaziwekea Kiswahili juu yake, pamoja na maelezo, mizaha na hukumu ambazo mwandishi wa picha hakuziota. Kuna wanaosema aliharibu. Mtafiti Mjerumani, Matthias Krings, aliyeandika kuhusu kazi ya akina Lufufu, aliifananisha na kugeuza wali kuwa pilau, na mimi namuunga mkono kwa mikono miwili. Nimeona picha za mapigano za hovyo kabisa, ambazo kwao hazikuonekana na mtu, zikiwa pilau la harusi kwenye kibanda umiza. Kenya wana DJ Afro, Uganda wana mavijei wao. Wakibisha nani mkali zaidi, ondoka. Ubishi ule hauishi.

Angalizo tu: ukiizoea picha kwa sauti ya mtafsiri, usije ukaitafuta ya asili. Nilifanya hivyo mara moja. Steringi wangu alikuwa bubu kabisa, hana hata neno moja la kuchekesha.

6. Bongo Muvi: ipende, ila anza na ya kwanza

Watu wanaocheka Bongo Muvi wana orodha ndefu na wote wana orodha ileile. Gari linaegeshwa dakika tatu. Mtu anapanda ngazi zote na kamera inamsindikiza. Sauti inakwenda, sauti inarudi. Jina ni la Kiingereza lakini watu wanaongea Kiswahili. Stori inakatwa Part 1 na Part 2 ili ununue mara mbili. Yote kweli. Mimi bado nina Oprah ya mwaka 2008, na nina Dar 2 Lagos, ambayo wengi waliiona ni kuwaiga Wanaijeria tu. Steven Kanumba, steringi wa zote mbili, alikuwa mtoto wa Shinyanga, jirani yetu kabisa, na alipofariki Aprili 2012 umati uliofurika Leaders Club kumuaga haukuwa umati wa watu waliodanganywa na picha mbovu. Walijua kasoro zake kuliko wakosoaji, maana waliziangalia mara nyingi zaidi.

Kuhusu zile dakika tatu za kuegesha gari: ukiwa unapiga pasi, huzioni. Picha nyingi za nyumbani zilitengenezwa kwa mtu mwenye pasi, sufuria au mtoto mkononi. Mkosoaji anakaa kimya na daftari. Hawaangalii kitu kimoja.

Ila kweli, usinunue Part 2 peke yake kwa sababu ni ya bei nafuu. Nimefanya. Watu walikuwa tayari wanalia na sikujua nani amekufa.

7. Irudie baada ya miaka kumi, na uwe tayari kuzika

Nyingine zitakufa mkononi mwako. Kuna picha moja ya ninja niliyoisifia kwa wenzangu mpaka Nyakato na Buzuruga. Nilipoipata tena mwaka juzi niliizima baada ya dakika ishirini, nikatoka nje kununua muhogo wa kukaanga. Usiwatangazie. Wewe acha tu kuitaja, kama unavyoacha kumtaja mpenzi wa zamani mbele ya mkeo.

8. Usiniulize kuhusu Rambo III

Kijana wa flashi aliniwekea bila kuombwa, akidhani ananifurahishia shemeji. Hiyo hata mimi sijaimaliza.