Kilo Zimerudi, Nifanyeje?

SWALI: Daktari, mimi ni mama wa miaka 46, naishi Tanga, nina duka la vitambaa. Miaka miwili iliyopita nilikuwa na kilo 92. Nikaacha wali, ugali, chapati na kila kitu cha wanga, nikawa nakula mboga, mayai na samaki tu. Baada ya miezi mitano nikafika kilo 79. Ukaja mwezi wa Ramadhani, ikafuata harusi ya mwanangu, nikarudia kula kama zamani, na sasa mzani unasoma 90. Ule mtindo wa kula siuwezi tena. Vitu vitamu navipenda, sikufichi: chai ya vijiko vitatu mara tatu kwa siku, na mchana soda moja pale dukani ndiyo inanipa nguvu. Jimu siendi, naona haya. Je, nikitembea tu na kupunguza sukari zitashuka? Na kuna majani ya chai ya kupunguza uzito yanauzwa hapa mtaani, yanafaa?

JIBU: Dada yangu, zitashuka. Hazitashuka kwa kasi ya mara ya kwanza, nami nisingependa zishuke kwa kasi ile.

Kabla ya sukari na viatu, nataka kuondoa jambo moja ambalo hukuliandika lakini nimelisoma katikati ya mistari yako: unajiona umeshindwa. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne, Australia, walichapisha utafiti wa watu 50 wanene waliowekwa kwenye mlo mkali kwa wiki kumi. Walipungua kwa wastani kilo 13.5, karibu sawa na zako. Mwaka mmoja baadaye watafiti wakawapima damu tena. Homoni zinazoleta njaa zilikuwa bado ziko juu, zile zinazoleta shibe bado ziko chini, na wenyewe walisema wana njaa kuliko kabla ya kuanza. Mwaka mzima ulikuwa umepita na mwili bado unadai kilo zake. Utafiti mwingine, wa Marekani mwaka 2016, uliwafuatilia washindani 14 wa shindano la televisheni la kupunguza uzito. Miaka sita baada ya shindano, miili yao ilikuwa inaunguza takriban kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Wengi walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya uzito.

Kwa hiyo ulipofuturu kaimati na juisi na baadaye ukakesha kwenye biriani ya harusi, ulikuwa na mwili wenye njaa kuliko wa jirani yako uliyekula naye sahani moja. Wanaokuambia huna msimamo hawajui wanachokisema. Tatizo lilikuwa njia yenyewe. Mama wa Tanga anayeapa kutokula wali maisha yake yote amejiwekea nadhiri ambayo harusi ya kwanza itaivunja. Baki na wali wako, sahani ya kawaida, mboga na maharage vikiwa vingi kuliko wali, na samaki wako pembeni. Tutapunguza mahali pengine.

Tuhesabu hiyo sukari. Kijiko kidogo cha chai kina takriban gramu nne. Vijiko vitatu mara tatu ni vijiko tisa, gramu 36. Soda ya chupa ya mililita 300 ina gramu zipatazo 32, yaani vijiko vinane. Jumla vijiko 17 kwa siku, na hapo sijagusa andazi la asubuhi, biskuti za dukani wala kashata aliyokuletea mteja. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya kalori zote za siku, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni vijiko kama 12, na linasema ikishuka hadi sita ni bora zaidi. Asali imo katika hesabu hiyo. Juisi ya embe uliyosaga nyumbani bila kuongeza chochote nayo imo. Embe lenyewe, ukilila kwa meno yako, halimo, wala sukari ya asili iliyo kwenye maziwa.

Anza na soda. Nasema soda kwanza kwa sababu ni uamuzi mmoja unaoondoa karibu nusu ya sukari yako yote, na kwa sababu sukari ya kunywa haishibishi. Ukila kalori 130 za maharage utasikia umekula kitu. Ukinywa kalori hizohizo za soda, saa moja baadaye utakula chakula chako kilekile kama vile hukunywa. Umesema inakupa nguvu. Naamini unazisikia hizo nguvu, lakini ningependa kujua mchana unakula nini. Wenye maduka wengi ninaowaona hunywa chai saa nne, wakashinda na wateja, saa tisa mikono ikaanza kutetemeka, ndipo soda inafunguliwa. Anayehitaji soda saa tisa mara nyingi ni mtu aliyeruka chakula cha mchana. Beba chakula chako kwenye hotipoti, ule saa saba, hata kama mteja anasubiri kupimiwa kitambaa. Kiu itulize kwa maji. Siku ya joto kali, dafu moja si dhambi, lina sukari kidogo kuliko soda.

Chai ishushe polepole. Toa nusu kijiko, kaa hapo wiki mbili, toa nusu nyingine. Ulimi unazoea. Hilo nimeliona kwa watu wengi mno: yule aliyeanza na vijiko vitatu, baada ya miezi michache ukimpa chai ya vijiko vitatu anakunja uso. Iliki, mdalasini na tangawizi vitakusaidia sana katika safari hiyo, maana sehemu ya utamu tunaousikia kwenye chai inaletwa na harufu. Ukifika kijiko kimoja kwa kikombe, vikombe vyako vitatu vitakuwa vijiko vitatu kwa siku, na hapo utakuwa na nafasi ya kula kipande cha halua siku ya Idi bila kujihukumu. Usihamie kwenye vidonge vya utamu usio na sukari ukidhani ndiyo njia ya mkato. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri visitumike kama njia ya kudhibiti uzito, na mimi naongeza kwamba vinaufanya ulimi ubaki palepale.

Sasa kutembea, na hapa naomba usome taratibu, kwa sababu ndipo watu wengi wanapokata tamaa.

Mtu wa uzito wako akitembea nusu saa kwa mwendo wa kukaza anatumia takriban kalori 150. Hiyo ni soda moja na baki kidogo. Ukitembea kila siku halafu ukaendelea na soda na chai yako ileile, mwisho wa mwezi mzani utakudhihaki na utaacha. Kuna ushahidi wa jambo hili hapahapa Tanzania. Mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadzabe wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, watu wanaotembea kilomita nyingi kila siku kuwinda, kuchimba mizizi na kutafuta asali. Waliwanywesha maji maalumu yanayowezesha kupima kalori ambazo mwili umetumia. Ukizingatia ukubwa wa miili, Wahadzabe hawakuwa wanatumia kalori nyingi kwa siku kuliko Wamarekani na Wazungu wanaokaa kwenye viti. Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili unaotembea sana hubana matumizi mahali pengine. Kwa hiyo kutembea peke yake hakuyeyushi kilo nyingi. Kilo zitaondolewa zaidi na ile soda usiyokunywa.

Utauliza basi kwa nini nakutuma barabarani. Kwa sababu kutembea ndiko kunakozuia kilo zisirudi, na wewe shida yako ni kurudi. Nchini Marekani tangu mwaka 1994 kuna daftari la watafiti linaloorodhesha watu waliopungua angalau kilo 13.6 na kukaa hivyo mwaka mmoja au zaidi. Njia walizotumia kupungua zinatofautiana sana. Ila wengi wao wanafanya mazoezi, kwa wastani karibu saa moja kwa siku, na zoezi lao kubwa ni kutembea. Tena kutembea kuna kazi ambayo mzani hauioni. Mwaka 2002 ulitoka utafiti wa watu 3,234 waliokuwa ukingoni mwa kisukari. Kundi moja liliambiwa lipunguze asilimia saba ya uzito na lifanye mazoezi ya kiasi, kama kutembea kwa kukaza mwendo, dakika 150 kwa wiki. Kwa takriban miaka mitatu ya ufuatiliaji, kisukari kiliwapata pungufu kwa asilimia 58 kuliko kundi lililopewa vidonge visivyo na dawa. Waliopewa metformini, dawa nzuri tunayoitumia kila siku, walipunguza hatari kwa asilimia 31. Miguu na kilo zilizopungua vilishinda kidonge.

Kwako asilimia saba ni kilo sita na kidogo. Sikuombi urudi 79. Nakuomba 84, ukae hapo mwaka, ndipo tuongee tena.

Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Tanga mmejaliwa, mji wenu hauna vilima vya kukutisha, na njia ya Raskazone alfajiri ina upepo wa bahari. Ukimaliza sala ya alfajiri toka hivyo hivyo, vaa dera na raba, huhitaji nguo za jimu. Mwendo uwe ule ambao unaweza kuongea lakini ukijaribu kuimba pumzi inakata. Tafuta mwenzako, jirani au shoga yako, kwanza kwa usalama wa giza lile la asubuhi, pili kwa sababu mtu anayekusubiri nje ya mlango atakutoa kitandani siku ambayo dhamira yako imelala. Kama nusu saa ya mfululizo ni ndefu, igawe. Utafiti wa New Zealand wa mwaka 2016 kwa wagonjwa wa kisukari ulionyesha kuwa dakika kumi za kutembea baada ya kila mlo zinashusha sukari ya damu baada ya kula vizuri kuliko dakika 30 za mara moja. Funga duka dakika kumi baada ya chakula cha mchana, zunguka mitaa miwili mitatu kwenye kivuli, urudi. Na ule umbali wa kwenda sokoni unaompa bodaboda hela yako, utembee.

Jipime uzito mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi kabla ya chai. Ukipungua nusu kilo kwa wiki unakwenda vizuri, robo kilo pia ni mwendo. Utafika mahali mzani utagoma wiki tatu nne. Usirudi kwenye kuacha wali. Endelea na ulichokuwa unafanya, na upime kiuno kwa futi yako ya dukani, maana mara nyingi kiuno kinapungua mzani ukiwa kimya. Ramadhani ijayo usiache kutembea, badilisha saa tu: nusu saa baada ya kufuturu, au tembea kwenda tarawehe. Futuru kwa tende na maji, kisha chakula. Jagi la juisi si sehemu ya swaumu.

Ukianza kupungua, watu watakuuliza unaumwa nini. Najua uzito wa swali hilo kwetu, tumezika wengi waliokonda kwa UKIMWI, na wakati ule mwanamke mnene alionekana ndiye mzima. Wajibu kwamba umeacha soda. Wewe huwajibiki kunenepa ili majirani walale usingizi.

Hayo majani ya chai yaache. Mengi ya aina hiyo ni dawa ya kuharisha. Kilo mbili zinazotoka kwa siku tatu ni maji na choo, na ukiyatumia muda mrefu yanavuruga madini ya mwili, hasa potasiamu inayoendesha mapigo ya moyo. Baadhi ya bidhaa zinazouzwa kwa jina la mitishamba ya kupunguza uzito zimewahi kukutwa duniani zikiwa zimechanganywa kwa siri na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Kitu kisicho na namba ya usajili, usikiweke tumboni.

Kabla hujaanza, nenda kituo cha afya kwa siku moja. Hukuniambia kama unatumia dawa yoyote, na sindano za uzazi wa mpango, vidonge vya prednisoloni na baadhi ya dawa za msongo wa mawazo vinaweza kuongeza uzito. Mwambie mhudumu unachotumia, wala usiache dawa kwa uamuzi wako. Kama tayari unatumia insulini au glibenklamidi, usipunguze sukari ghafla kabla dozi haijaangaliwa, kwani sukari ya damu inaweza kushuka kupita kiasi. Ukitembea ukasikia kifua kinabana au pumzi inakata isivyo kawaida, simama na utafute huduma siku hiyohiyo. Omba upimwe presha na sukari. Nenda asubuhi bila kula wala kunywa chochote isipokuwa maji kwa saa nane hivi, na chai ya siku hiyo inywe baada ya kutolewa damu, ukianza na vijiko viwili na nusu.